Kamelia za Harusi ya Janu

Jumapili, 12 Mei

Shajara hii nimeletewa na binti yangu Monika kutoka ofisini kwao. Ina jalada gumu na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Akaniambia, Mama, yale yote unayotueleza mezani, mengine uwe unamweleza huyu. Sijui alikuwa ananisifu au ananinyamazisha. Nimechukua kwamba ni sifa. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu uliwahi kuzungushwa darasa zima wauone.

Nianze na maua, maana hakuna mwingine mwenye nayo Bariadi hii. Yanaitwa kamelia. Mwanangu wa kiume, Januarius, tunamwita Janu, yuko Njombe kwenye mashamba ya chai. Krismasi alinitumia kwa basi vyungu vitatu pamoja na magunia ya udongo wake, kwa sababu udongo wetu mweusi wa mbuga ungeyaua. Anasema ni ndugu wa mchai. Kwao yanachanua wakati wa baridi, wakati kila kitu kimekauka. Fikiria mtoto wa kiume anayemkumbuka mama yake kwa maua. Wengine wanatumiwa mabeseni.

Nimeyapanga nyuma ya jikoni chini ya mwarobaini, upande ambao jua la miezi hii halifiki, na juu nimetandika magunia ya katani. Majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Jambo kubwa ni hili: Janu anaoa. Ameniambia kwa simu, harusi mwisho wa Agosti, hapa hapa nyumbani. Binti anaitwa Harieth, mtoto wa huko Njombe. Zaidi ya hapo hakusema. Akaniomba nisimwambie mtu kwanza. Shada la bi harusi litakuwa la kamelia zangu. Nimeshaamua.

Jumatano, 15 Mei

Mvua imepiga mchana kutwa, nadhani ndiyo ya mwisho. Simtanki limejaa. Maji ya kisima yana magadi na yanaunguza ncha za majani, kwa hiyo maji haya ya mvua ni ya kamelia peke yake. Nimefunga koki kwa waya. Baba Janu ameuliza kama na yeye aote majani ndipo apewe maji laini ya kuoga.

Jumapili, 19 Mei

Jumuiya ilikuwa kwa mwalimu Generoza, jirani yangu. Ni mtu wa Bukoba, alikuja kufundisha hapa miaka mingi iliyopita akabaki. Nikawaambia kuhusu harusi. Mtu hawezi kukaa na neno kama hilo kifuani, litamtoboa. Wakapiga vigelegele. Generoza akauliza kama bi harusi ameshajua kwamba atabebeshwa majani ya chai, na kama wageni watakunywa harusi ikiisha. Wakacheka. Nikawaambia wacheke sasa, Agosti watapiga picha.

Kisha yakaja mazungumzo ya Onesmo, yule mwenye duka la mbegu, kwamba kaoa mjane mwenye watoto. Nikasema, kila mtu na bahati yake, lakini Janu wangu hataletewa sufuria lililounguzwa na mwingine. Walicheka sana. Monika peke yake hakucheka, akainuka kukusanya vikombe kabla watu hawajamaliza chai.

Jumatatu, 20 Mei

Shambani kwetu Ngulyati kuchuma pamba. Mgongo.

Jumamosi, 1 Juni

Nimeona matumba. Nimeyaona asubuhi nikiwa na kopo la maji mkononi, madogo kama punje za mbaazi, ya kijani, yamejificha kwenye ncha za matawi. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nimezaa watoto wawili na sikumbuki kama nilifurahi hivi, labda kwa sababu wale walikuja na uchungu.

Nikampigia Janu. Akafurahi, lakini kama mtu anayefurahi huku amesimama mlangoni. Nikamuuliza Harieth ni mweupe au mweusi, ili nijue ua la rangi ya waridi litampendeza vipi. Akasema, "Mama, mengine niachie mimi." Sauti ya mwanamume kabisa. Nimemwambia kila niliyekutana naye sokoni kwamba mwanangu ameshakuwa mwanamume.

Jumapili, 9 Juni

Leo jumuiya ilikuwa kwangu. Matumba yameshanenepa, yana ncha ya rangi ya waridi. Watu walijaa sebuleni, na wengine hawana miguu ya kuzunguka mpaka nyuma ya jikoni, basi nikamwambia Baba Janu anisaidie kubeba chungu kikubwa tukiweke mezani. Nikawa nakizungusha ili kila upande uone. Mama mmoja alikuja na kitambaa cha kichwa kipya, hakuna aliyemtazama. Tumesali Rozari huku kamelia iko katikati kama mgeni rasmi.

Ijumaa, 14 Juni

Matumba ya chungu kikubwa yameanguka yote. Nimeyakuta asubuhi chini, mazima, kama mtu ameyachuma moja moja. Janu kaniambia kwa simu kwamba mti ukiwa na matumba haugeuzwi wala hauhamishwi, unachukia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema ngoja aulize tena vizuri. Sikuelewa amuulize nani, maana nilijua mwenye ujuzi ni yeye.

Nimelia kidogo. Vyungu viwili vilivyobaki sitavigusa hata nyumba ikiungua.

Jumamosi, 22 Juni

Kumekauka. Baba Janu ametoa ng'ombe watatu zizini kwetu Ngulyati, wamepelekwa Mwamapalala kwa mdogo wake Salu, ambako bado kuna malisho na maji. Kila kiangazi tunafanya hivyo, siyo jambo geni. Safari hii kamtoa na yule mwekundu wangu, wa uzao wa yule niliyepewa na marehemu baba nilipojifungua Janu. Nikasema huyo abaki, ananyonyesha. Baba Janu akasema ndama ameshakuwa mkubwa na mama yake amekonda. Kweli amekonda. Nilimshika pembe tukaagana.

Alhamisi, 27 Juni

Upepo na vumbi. Nimefuta majani ya kamelia kwa kitambaa chenye maji, jani kwa jani. Generoza kanichungulia juu ya michongoma, akaniuliza kama nimeshayapaka na losheni.

Jumapili, 7 Julai

Alfajiri kuna baridi nzuri, nafikiri ndiyo inayoyanenepesha. Kuna tumba moja kubwa kuliko yote, limeanza kulegea kwenye shingo.

Wiki hii nitabaki peke yangu. Baba Janu anakwenda Mwanza kuonyesha macho, atakaa kwa binamu yake mpaka wamwone daktari. Monika ana semina Dodoma. Nimempigia Baba Janu pasi suti ya kijivu. Akasema suti ya nini hospitalini, kisha akasema, haya, weka. Nikamwambia daktari akimwona mtu amevaa vizuri humtazama macho vizuri. Viatu nimevipaka rangi mimi mwenyewe, vikang'aa mpaka nikajiona.

Nilitaka kumsindikiza. Akaniuliza, "Na maua yako atayamwagilia nani?" Nikaona kweli ananijali.

Alhamisi, 11 Julai

Nyumba kimya. Jua limekuwa kali kuliko kawaida ya Julai. Nimeongeza gunia juu. Simu ya Baba Janu haipatikani.

Jumamosi, 13 Julai

Generoza kaja asubuhi na kahawa yake ya kutafuna na vitumbua, akakaa mpaka jua linazama. Sikumwalika, ila nilifurahi. Hajawahi kukaa hivyo na maua yangu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwarobaini tukitazama lile tumba kama watu wanaotazama mpira. Nikamweleza harusi ya Agosti nitakavyoiongoza. Nitaingia kanisani mkono kwa mkono na Janu, na nguo ya dhahabu niliyoshonewa, halafu nitampa binti shada mimi mwenyewe mlangoni. Generoza alinisikiliza bila kunitania hata mara moja. Nikasema huenda anaumwa.

Mara mbili nilitaka kuwasha simu nimpigie Janu, akaniambia nipumzike, leo ni Jumamosi, kijana ana mambo yake. Akanishika mkono. Ana mikono ya baridi, mwalimu.

Jumanne, 16 Julai

Wamerudi wote, Monika jana na baba yake leo. Monika kasuka nywele nzuri sana, nikamuuliza semina za siku hizi zinafundisha na ususi. Kasema kule hoteli kulikuwa na saluni. Baba Janu kaleta parachichi kubwa kama vichwa vya watoto, nusu gunia. Sikujua Mwanza sasa kuna parachichi za namna ile. Nimemgawia Generoza, akazipokea bila kunitazama.

Macho, wamemwambia ni uzee tu.

Jumapili, 21 Julai

Kanisani. Nguo ya dhahabu nimeichukua kwa fundi, imenikaa.

Jumatano, 24 Julai

Naandika kwa shida, lakini niandike.

Mchana shemeji Salu alifika na baiskeli kutoka Mwamapalala, kuku jike mweupe amefungwa kwenye usukani. Nilikuwa nyuma ya jikoni namwagilia. Alikuja mpaka kule akitabasamu, akasimama ghafla.

"Mwadila, shemeji," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Umesimama," akasema. "Miguu inaendeleaje?"

Nikamwambia miguu yangu haina neno, mbona ananiuliza miguu. Akacheka kama mtu aliyeambiwa habari njema. Akasema basi Mungu ni mkubwa, maana siku ile padre alisimamisha misa akawaombea wagonjwa akanitaja kwa jina, mama wa bwana harusi, ambaye miguu imemzuia kusafiri, na kanisa zima lilinyamaza, na bi harusi akafuta machozi kwa shela. Akanyanyua yule kuku. Akasema huyu ni wa bi harusi, bila shaka wameshamleta, yuko wapi amsalimie.

Kopo lilikuwa mkononi. Najua lilikuwa mkononi kwa sababu baadaye nilikuta viatu vyangu vimelowa.

Nikamuuliza polepole, kama ninayeuliza habari za mvua, misa ipi. Akasema ile ya Njombe. Jumamosi ile. Akanitajia wote waliokuwepo. Baba Janu alikaa mbele na suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Monika alikuwa matroni. Akina mama walivaa sare ya bluu yenye maua meupe, na ya kwangu walinikatia wakaiweka kwenye kiti kitupu.

Nikamuuliza ng'ombe wangu mwekundu anaendeleaje.

Hapo Salu akaanza kuona. Uso ulimshuka. Akasema, "Shemeji, yule si alikwenda kwenye mahari? Njombe ni mbali, hawaswagwi. Niliwapeleka mnadani kama kaka alivyoagiza." Akamshusha kuku chini. "Tuliambiwa umemtoa mwenyewe. Kwa furaha. Wazee wa kule walikushukuru mbele za watu."

Nikamwambia aketi, nimletee maji. Nilimpikia ugali akala, maana hakuwa na kosa, na amepanda baiskeli kutoka mbali. Alikula kama anayekula msibani. Kuku alinyea pale pale mlangoni.

Baba Janu aliporudi na kuiona baiskeli ya mdogo wake akasimama nje, hakuingia. Nilimwona kupitia dirishani. Alisimama kama ng'ombe aliyeona mto umejaa. Sikumwita.

Alhamisi, 25 Julai

Monika kaja mwenyewe bila kuitwa, baba yake kamtuma. Alikaa kwenye kinu kilicholala akaniambia yote huku anatazama vidole vyake.

Harieth ni mjane. Mume alikufa kwa ajali, akamwachia mtoto wa kike. Janu amempenda mwaka wa pili sasa. Aliogopa. Baba yao akasema, mwacheni mama yenu kwanza, tufunge ndoa kimya, akishamwona mke ameshaingia ndani atakubali, nyumba ikishajengwa haibomolewi. Harusi ya Agosti ikabaki ya kunituliza tu. Wangekuja wote baada ya Nane Nane waniambie taratibu.

Nikamuuliza na miguu je, nani aliitunga.

"Mimi, Mama."

Akaendelea, kwamba wakwe waliuliza mama yuko wapi, na haiwezekani kusema mama hajui, ni aibu kubwa, ndipo akasema miguu. Baada ya hapo haikuwezekana kurudi nyuma. Kisha akainua uso. "Mama, ungeambiwa, ungemwambia nani asijue? Ile siku kwa mwalimu Generoza ulisema nini kuhusu mjane wa Onesmo? Sufuria. Ulisema sufuria, mbele ya watu wote. Nilimpigia Janu jioni ile ile nikamweleza."

Nilisema, ndiyo. Ni maneno ya watu wakinywa chai. Ya mwanamke anayetaka kuchekesha. Kama kila neno la mezani lingekuwa hukumu, nani angebaki huru kwenye mtaa huu? Wangeniletea huyo binti nimtazame usoni, ndipo wangejua mimi ni mtu wa namna gani. Hawakunipa nafasi hata ya kuwa mbaya. Walinihukumu kabla sijakosea.

Nilimwambia Monika hivyo hivyo. Akalia. Zamani akilia nilikuwa nalia naye.

Nikamuuliza jambo la mwisho, Generoza alijua? Akatikisa kichwa kukubali. Alitakiwa akae nami siku ile ili nisipige simu.

Ijumaa, 26 Julai

Sijamwagilia.

Jumamosi, 27 Julai

Wala leo.

Jumapili, 28 Julai

Sikwenda kanisani. Generoza akaja baada ya misa, akasimama nje ya michongoma. Kawaida anaingia bila hodi.

Akasema, "Mama Janu, niliombwa na watoto wako. Nikafikiri nakusaidia usiumie."

Nikamwambia nilidhani amekuja kwa ajili ya maua. Kwamba siku ile, alivyonishika mkono, nilimwona kama dada wa tumbo moja, na nilimweleza mpaka nitakavyotembea kanisani, na yeye wakati huo anajua mwanangu yuko altareni. Nikamuuliza alikuwa anawaza nini nikimweleza vile.

Akasema, "Nilikuwa naomba jua lizame."

Angalau hilo ni kweli. Nikamfungulia lango, tukakaa. Alipoondoka nikaona udongo wa vyungu umepasuka, matumba mawili yamekwisha kuanguka. Lile kubwa bado lipo. Nikafungua koki. Mti haukunidanganya kitu.

Baba Janu nampikia, nafua nguo zake, namsalimia asubuhi. Jana alisema alitaka amani ndani ya nyumba. Nikamwambia amani anayo, ale chakula.

Jumamosi, 3 Agosti

Limefunguka. Rangi ya waridi iliyoiva, tabaka juu ya tabaka, katikati uzi uzi wa manjano. Halina harufu, nilidhani litanukia. Ni zuri kuliko nilivyojisifia, na nilijisifia sana.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mtaa mzima wako Nyakabindi kwenye maonyesho, vumbi linaonekana mpaka huku. Mwezi wa tano nilimtangazia kila mtu kwamba nitapeleka kamelia wakaione. Imebaki hapa, na mimi nimebaki.

Janu alipiga. Sauti imekuwa ndogo. Akasema Jumamosi wanafika, yeye na mke wake na mtoto. Akaanza, Mama, najua umeshajua. Nikamwambia simu ina mikwaruzo, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Walifika mchana. Nilikuwa barazani kwenye mkeka nachambua mchele. Baba Janu alikuwa amenyoa ndevu. Monika alikuwa jikoni tangu alfajiri, anavunja vitu.

Alishuka kwanza mtoto mwembamba mwenye soksi nyeupe, halafu mama yake. Harieth ni mfupi, mweusi wa kung'aa, anatembea haraka. Aliponiona nataka kuinuka akakimbia, akapiga magoti kwenye mkeka wangu, akanishika mabega. "Usiinuke, Mama. Tafadhali usiinuke." Akafungua mkoba akatoa chupa ya mafuta ya kuchulia ambayo mama yake kanitengenezea, na viatu vya sufu laini, alivyofuma mwenyewe. Amefuma jioni baada ya jioni, kwa ajili ya miguu yangu.

Kumbe na yeye hajui.

Nikawatazama. Janu alikuwa ameshika mabegi mawili kama mpagazi asiyejua aweke wapi. Baba yake alikohoa. Monika alitoka akasimama mlangoni na mwiko. Wote wakinitazama mdomo. Mdomo huu walioukimbia mpaka Njombe. Nikaona kwenye macho ya mwanangu ananiomba, na nikaona anachoomba ni kwamba na mimi niingie, niwe wa tano kwenye uongo wao, nikae pale nipakwe mafuta.

Nikainuka. Nikavuka uwanja mpaka kwenye simtanki, nikajaza jagi, nikarudi nalo kichwani bila kulishika, kama nilivyokuwa nafanya nikiwa msichana. Nikamnawisha mtoto mikono. Nikachuchumaa, nikainuka tena.

Harieth alikuwa bado amepiga magoti na kiatu kimoja cha sufu mkononi.

"Mama," akasema, "wewe unatembea."

"Natembea tangu nina mwaka mmoja, mwanangu."

"Tulikuombea. Kanisa zima."

"Nimesikia. Nashukuru. Ila mimi sikuwa mgonjwa, sikuambiwa. Siku unaolewa nilikuwa hapa nyuma ya jikoni."

Hakulia. Aligeuka akamtazama Janu, akamtazama muda mrefu mpaka yeye akaweka mabegi chini. Kisha akanigeukia akauliza, kwa heshima, kama angeweza kuona hapo nyuma ya jikoni.

Nikampeleka. Maua yamefunguka matatu, lile la kwanza limeanza kuwa kahawia pembeni kwa joto hili la Agosti. Akaligusa jani, akaniambia kwao yamepandwa kama uzio wa boma, mama yake ndiye aliyechimba miche ile na kufunga udongo kwenye magunia. Janu alikuwa anamuuliza Harieth kila nilipopiga simu.

Kumbe hata maua. Nilikuwa nimebakiza hilo moja la kumsifia.

Harieth akasema, "Nilifikiri alikuambia yametoka kwangu." Nikamwambia hapana, hilo pia hakuniambia. Tukasimama pale. Mtoto akaja akauliza kama yanaliwa.

Jumapili, 11 Agosti

Harieth na mtoto walilala chumbani kwangu. Yeye ndiye aliyeomba, mbele ya mume wake. Baba Janu na mwanawe walilala sebuleni, wakasikilizane wao kwa wao.

Asubuhi Janu alinifuata jikoni. Alikaa kwenye ngazi, magoti yakiwa juu, kama alivyokuwa anakaa akisubiri kukomba sufuria la uji. Akasema maneno mengi. Kwamba alinipenda ndiyo maana aliogopa. Kwamba alipomwona padre anaomba kwa ajili yangu alitaka ardhi immeze. Kwamba atanirudishia ng'ombe mwekundu, atamtafuta alikouzwa. Nikasema ng'ombe huyo alikuwa wake tangu azaliwe, ningempa nikiwa nimevaa nguo ya dhahabu. Alichotakiwa ni kuniomba.

"Mama, utanisamehe?"

Nilikuwa nasonga. Nikamaliza kwanza kusonga.

Nikamwambia, "Mke wako nimempokea. Mtoto wake ni mjukuu wangu, na atakayesema vingine mtaa huu atanisikia. Wewe bado nakufikiria."

Alikaa pale mpaka jua likamfikia. Sikumwita mezani. Monika ndiye aliyempelekea chai nje.

Jumanne, 13 Agosti

Wameondoka na basi la alfajiri. Harieth alinikumbatia mara mbili. Mtoto kaacha soksi moja.

Saa za mchana simu ikalia. Ni Janu. Akasema, "Mama, tumefika Singida, tunakula."

Nikamwambia, "Mpe mke wako simu."